Chumvi Haiondoki Yenyewe

Katika pwani ya Afrika Mashariki bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Penye mlango wa mto, chumvi husafiri pamoja na maji hayo. Chukua kijito kimoja cha mikoko katika delta ya Rufiji wakati wa masika. Maji yakipwa, mto ndio unaotawala, na kijito huwa na maji ambayo ulimi hauonji chumvi ndani yake. Saa 6 baadaye bahari imeingia, na samaki walewale wanaogelea katika maji yenye chumvi nusu ya ile ya bahari, au zaidi. Hawafi. Mkizi wanaendelea kula topeni, vifaranga vya mwatiko vinaendelea kukua, na yule samaki mdogo mwenye macho juu ya kichwa, anayeruka matopeni kwa mapezi yake, amepanda kwenye mizizi akisubiri maji yashuke.

Mtu anayefuga samaki wa namna hii katika tangi la kioo ana haki ya kuuliza swali moja. Ikiwa kijitoni chumvi hupanda na kushuka hivyo kila siku na hakuna anayedhurika, kwa nini yeye aambiwe asibadili chumvi ya tangi lake ila polepole, kwa wiki kadhaa? Nimesikia wafugaji wazoefu wakilijibu swali hili kwa kusema tu kwamba ndivyo ilivyo. Lakini sababu zipo, na ukizielewa hutahitaji kukariri kanuni nyingine nyingi.

Sababu ya kwanza ni kwamba kijitoni samaki ana pa kwenda. Maji ya bahari ni mazito, kwa hiyo yanapoingia mtoni hupita chini, na maji ya mto huelea juu yake. Kijito kimoja kinaweza kuwa na maji ya aina mbili kwa saa kadhaa, yamepangana. Samaki anayeona chumvi imemzidi hupanda juu au huurudia mto, na anayeitaka huteremka. Ndani ya tangi pampu imeyakoroga maji yote yakawa sawa, na samaki hukaa katika kile ulichompa.

Sababu ya pili imo ndani ya mwili wake. Damu ya samaki wa mifupa ina chumvi takriban theluthi moja ya ile ya bahari, kiasi cha gramu 10 hadi 12 kwa lita, awe anaishi ziwani au baharini. Ziwani damu ina chumvi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humwingia bila kukoma kupitia matamvua. Hana haja ya kunywa, na figo zake hutoa mkojo mwingi na mwepesi. Baharini mambo hugeuka: maji humtoka mwilini, naye hulazimika kunywa. Lakini anayekunywa bahari amekunywa na chumvi yake, na chumvi hiyo sharti ipate pa kutokea.

Pa kutokea palitafutwa na mtu ambaye wasomaji wa Kanda ya Ziwa wana sababu ya kumjua. Homer Smith, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Marekani, alisafiri hadi Ziwa Victoria mwaka 1928 kumtafuta kamongo, samaki mwenye mapafu anayeweza kuupisha ukame akiwa amejifukia ndani ya tope lililokauka. Smith alikuwa mtu wa figo, na kamongo alimvutia kwa sababu ni kiumbe aliyesimama kati ya maji na nchi kavu. Kitabu alichokitoa mwaka 1932 kwa ajili ya wasomaji wa kawaida alikiita kwa jina la samaki huyo, Kamongo. Mwaka 1930 alikuwa ameshathibitisha kwamba samaki wa baharini kweli hunywa: alitia rangi ndani ya maji yao, kisha akaikuta imejikusanya utumboni. Alipoupima mkojo wao akaona figo haziwezi kutoa chumvi yote ile, na shaka ikaangukia matamvua. Muda si mrefu, mwaka 1932, watafiti Ancel Keys na Edward Willmer wakazieleza seli za matamvua zinazoisukuma chumvi nje.

Samaki wa mlango wa mto ana uwezo wa kufanya kazi zote mbili, ya kuvuta chumvi na ya kuisukuma. Hata hivyo hazifanyi kwa pamoja. Homoni lazima zitoe amri, seli za matamvua zijengwe upya, figo zibadili mwendo, na yote hayo huchukua saa nyingi, mara nyingi siku kadhaa. Samaki aliyezaliwa kijitoni mwili wake umezoea kugeuka. Yule uliyemnunua dukani huenda amekaa miezi katika maji baridi matupu, na unapomtia ghafla katika maji ya chumvi unamdai kazi ambayo mwili wake haujaianza.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Ndani ya chujio la tangi wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi na mkojo wa samaki kuwa nitraiti, kisha nitreti, ambayo haina sumu kubwa. Hawawezi kupanda juu wala kushuka chini. Wamejishika kwenye sponji na changarawe. Wale waliokulia katika maji baridi hudhoofika chumvi ikipanda kwa kishindo, na wale wa maji ya chumvi hudhoofika ikishuka. Samaki anaweza kuvumilia badiliko lenyewe, kisha akafa siku ya nne kwa amonia ambayo hakuna aliyebaki kuigeuza. Tena amonia huwa kali zaidi maji yanapokuwa na pH ya juu, na chumvi ya bahari hupandisha pH. Ukiongeza kwamba maji ya nyuzi 28 yasiyo na chumvi hushika miligramu 7.8 hivi za oksijeni kwa lita, na ya bahari ya joto lilelile hushika karibu 6.4 tu, utaelewa kwa nini badiliko la haraka huleta shida tatu au nne kwa mpigo. Kwa hiyo mimi hushauri usipandishe zaidi ya gramu 2 kwa lita kwa wiki, na upime amonia katikati ya safari hiyo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Maji ya tangi huvukiza, chumvi haivukizi. Sentensi hiyo fupi ikikukaa kichwani, umeshapata nusu ya ufundi huu. Chumvi huingia tangini kwa mkono wako tu na hutoka kwa ndoo yako tu, pamoja na ule ukoko mweupe unaoganda kwenye kingo za kioo na kwenye mfuniko, ambao ni kidogo.

Tuseme una lita 100 zenye gramu 10 kwa lita. Ndani yake kuna kilo 1 ya chumvi. Nyumba ya Mombasa au Dar es Salaam yenye feni inayozunguka inaweza kupoteza lita kadhaa kwa wiki kutoka kwenye tangi lisilo na mfuniko. Zikipungua lita 10, kilo ile ile sasa imo katika lita 90, na kiwango kimefika gramu 11.1. Ukijaza kwa maji yasiyo na chumvi, unarudi kwenye 10 kamili. Ukijaza kwa maji uliyoyatia chumvi, kwa kuona kwamba tangi hili ni la maji ya chumvi, umeongeza gramu 100. Fanya hivyo mara nne na tangi lako liko kwenye gramu 14, nawe hujui, kwa sababu maji yanafika alama ileile na samaki wanakula kama jana.

Kosa la upande wa pili huenda haraka zaidi. Unapochota lita 20 za kubadilisha, umechota na gramu 200 za chumvi. Ukirudisha maji baridi, tangi linashuka hadi gramu 8. Mara ya pili ni 6.4, na ya tatu ni karibu 5.1. Kwa hiyo kuna maji ya aina mbili, na kila aina ina ndoo yake: maji yaliyovukizwa hurudishwa bila chumvi, na maji yaliyochotwa hurudishwa yakiwa na chumvi sawa na ya tangi. Piga mstari kwa kalamu isiyofutika kwenye kioo, penye kimo cha maji. Kabla ya kuchota chochote, jaza kwanza hadi kwenye mstari.

Watu wa pwani wana jambo moja zaidi la kuangalia. Visima vingi vya kuchimba mijini kando ya bahari vimeingiliwa na chumvi. Maji yenye gramu 2 kwa lita bado huogewa na kufuliwa bila malalamiko makubwa, lakini ukiyatumia kurudishia lita 10 kila wiki, kwa mwaka yataingiza kilo nzima ya chumvi. Kipima TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) cha bei nafuu kitakuambia hali ya kisima chako kwa dakika moja. Maji ya mvua ndiyo bora kwa kazi hii, mradi uache mvua za mwanzo zisafishe paa kwanza. Maji ya bomba yenye klorini yatibiwe kama kwa tangi lolote lingine.

Ujazo nao hukosewa mara nyingi. Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 40 huuzwa kama lita 160. Likiwa na mchanga wa sentimita 5 na maji yasiyofika ukingoni, kilichobaki ni karibu lita 120. Aliyepima kilo 1.6 za chumvi akitaka gramu 10 kwa lita amepata zaidi ya 13. Hesabu maji, usihesabu kioo. Ukiwa unajaza tangi kwa mara ya kwanza, jaza kwa ndoo inayojulikana ujazo wake, na uandike idadi kwenye daftari, maana hutapata nafasi nyingine rahisi kama hiyo.

Chumvi gani? Hapa nina msimamo. Chumvi ya jikoni haifai kuwa msingi wa tangi la maji ya chumvichumvi, na sababu si madini joto yaliyotiwa ndani yake kama wengi wanavyoamini. Sababu ni vitu visivyokuwamo. Katika chumvi zote za bahari, sodiamu na kloridi ni kama asilimia 86. Sehemu iliyobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na bikaboneti, na hizo ndizo zinazoyapa maji ugumu na kuizuia pH isiporomoke. Samaki wa mikokoni wamezoea maji ya namna hiyo.

Wengine husema, basi nitanunua chumvi ya mawe kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni au Bagamoyo, kwa kuwa hiyo imetoka baharini moja kwa moja. Imetoka baharini kweli, ila haikutoka yote. Maji ya bahari yanapokauka kwenye vidimbwi, vitu havigandi kwa wakati mmoja. Maji yakipungua kufikia kama nusu, chokaa hutangulia kuganda. Yakifika karibu moja ya tano, jasi hufuata. Chumvi yenyewe huanza kuganda maji yakiwa yamebaki kama moja ya kumi, na yale maji machungu ya mwisho, yenye magnesiamu na potasiamu, hutolewa ili chumvi iwe safi na tamu kwa mchuzi. Mwenye shamba la chumvi amefanya kazi yake vizuri. Bidhaa yake ni ya chakula. Kwa tangi unahitaji mchanganyiko uliotengenezwa kwa ajili ya akwariamu za baharini, au bahari yenyewe.

Anayeishi pwani asiidharau bahari yenyewe. Maji ya bahari ya wazi yana karibu gramu 35 kwa lita, kwa hiyo ndoo 2 za bahari na ndoo 5 za maji ya mvua hukupa gramu 10 bila mizani. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari, mifereji na mlango wa mto, na usichote baada ya mvua kubwa. Chuja kwa kitambaa, kisha uyaache kwenye pipa lenye mfuniko, gizani, wiki moja au mbili huku pampu ya hewa ikifanya kazi. Lakini bado upime.

Kupima ndiko kunakowapa shida hata watu makini. Wafugaji wengi hawatumii gramu, wanatumia uzito linganishi, yaani uzito wa maji ya tangi ukilinganishwa na maji safi ya ujazo uleule. Maji safi ni 1.000 na bahari ni kama 1.026. Katikati, 1.005 ni karibu gramu 6.6 kwa lita, 1.010 ni karibu 13, na 1.015 ni karibu 20. Chombo chake ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea: maji yakiwa mazito, kinaelea juu zaidi.

Tatizo ni joto. Maji ya moto ni mepesi, na haidromita haijui kama wepesi umetokana na joto au na upungufu wa chumvi. Soma maandishi madogo kwenye kijiti: kimetengenezwa kwa nyuzi ngapi? Vingi ni vya nyuzi 25, vingine ni vya 15.6. Kijiti cha nyuzi 25 kikitiwa katika maji ya nyuzi 30, husoma chini kwa kama 0.0014, sawa na gramu 2 kwa lita. Kile cha 15.6 katika maji ya nyuzi 28 hukosa kwa karibu gramu 4. Kwa anayefuga samaki wa baharini, mwenye gramu 35, kasoro ya gramu 2 ni ndogo. Kwa tangi la gramu 8 ni robo nzima. Ndiyo maana napendekeza kila mwenye tangi la namna hii ajaribu chombo chake nyumbani: pima gramu 10 za chumvi kavu ya jikoni kwa mizani nzuri, iyeyushe katika lita 1 ya maji ya mvua, acha maji yafikie joto la tangi, kisha tumbukiza haidromita. Inapaswa kusoma karibu 1.007. Ikisoma 1.005, kila kipimo chako katika joto hilo kiongezewe 0.002. Hapa chumvi ya jikoni imepata kazi yake halali.

Rifraktomita, ile ya kuangalia tone la maji kwenye mwanga, ni bora kwa wengi. Isawazishe kwenye sifuri kwa maji ya mvua au yaliyotoneshwa. Kwa kuwa viwango vyetu viko karibu na sifuri kuliko na bahari, kuisawazisha hapo kunatosha.

Chumvi iyeyushwe nje ya tangi kila mara. Itie katika ndoo, washa pampu ya hewa, iache ilale. Punje zikimwagwa tangini huzama, na maji mazito hutanda chini penye samaki wa sakafuni, kama vile bahari inavyopita chini ya mto, ila hapa hakuna aliyepata onyo wala njia.

Kiwango gani basi? Wanasayansi waliokutana Venice mwaka 1958 walikubaliana kuyaita maji ya chumvichumvi yote yaliyo kati ya gramu 0.5 na 30, na upana huo unaonyesha kwamba hakuna namba moja takatifu. Moli, wanaouzwa karibu kila duka la samaki wa mapambo, wanastawi kuanzia maji magumu yasiyo na chumvi hadi bahari kamili. Gramu 5 zinawapendeza. Yule mrukaji wa matopeni wa mikoko yetu anaridhika na gramu 8 hadi 12, ila anachohitaji zaidi ni nchi kavu yenye unyevu na mfuniko wa kuzuia hewa kavu, maana hupumua pia kupitia ngozi yake iliyolowa. Bunju wa kijani mwenye madoa, kutoka Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, ndiye ninayemhurumia kuliko wote. Huuzwa mdogo, akiwa kwenye maji baridi, na mnunuzi haambiwi neno. Huishi hivyo miezi, kisha hufifia bila ugonjwa wenye jina. Apandishwe taratibu hadi 1.010, na akikomaa hata zaidi.

Mmea ninaoupenda katika tangi hili ni mche wa mchu, ukiwa umesimama na majani juu ya maji. Mchu hutoa chumvi kupitia majani, na asubuhi unaweza kuiona imeganda kama unga. Nyunyizia maji baridi na uifute. Nayo ni chumvi iliyotoka tangini, ingawa ni kidogo mno kuingia kwenye daftari. Misitu ya mikoko inalindwa, kwa hiyo tafuta mche kwa njia halali.

Samaki anayehitaji mpango mrefu kuliko wote ni yule ambaye wafanyabiashara humwita mono, Monodactylus argenteus, bapa na wa rangi ya fedha, mwenyeji wa pwani yetu na wa bahari zote hadi Pasifiki. Wadogo hukaa milangoni mwa mito, wakubwa huelekea baharini, na chumvi ya tangi inapaswa kuifuata safari hiyo. Mwanzo 1.005 inatosha. Anapokua, kila unapobadilisha maji, ndoo ya kurudishia iwe na chumvi zaidi kidogo kuliko tangi. Ukichota lita 20 katika 100 na kurudisha maji yaliyozidi kwa gramu 5, tangi zima limepanda gramu 1 tu, na hakuna bakteria aliyeshtuka. Baada ya mwaka na zaidi atakuwa kwenye 1.018 au kwenye bahari kamili. Ikitokea kiwango kimepanda kupita ulichokusudia, kishushe kwa njia hiyohiyo, ndoo baada ya ndoo, badala ya kumwaga nusu ya tangi kwa hofu.

Mono mkubwa hupita sentimita 20, na hapendi kukaa peke yake. Kundi la watano linahitaji tangi la lita 500 au zaidi, na kwa gramu 25 kwa lita hizo ni kilo 12.5 za chumvi ya akwariamu, na kilo 2.5 nyingine kila unapobadilisha sehemu moja ya tano ya maji. Mkazi wa Nairobi au Dodoma afanye hesabu hiyo dukani, akiwa bado ameshika mfuko wenye samaki wa ukubwa wa sarafu. Mkazi wa Tanga anaweza kuifanya kwa madumu na safari ya pwani maji yakijaa.